Masafa Yanapohama: Istilahi za Kumfuatilia Kigogota wa Mawimbi Mafupi

Neno masafa limekaa katika utangazaji wetu kwa muda mrefu kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza lina maana gani. Mtangazaji husema kwamba matangazo yanasikika katika masafa mafupi, mita 60, naye msikilizaji huzungusha kitufe mpaka sauti itokee. Hapo neno limetimiza kazi yake, wala hapana haja ya kulihoji. Lakini istilahi hupimwa vizuri zaidi pale jambo linapokwenda kinyume cha mazoea. Katika makala haya tunakusudia kuipima istilahi hii, pamoja na nyingine chache zilizo jirani nayo, kwa kutumia jambo moja la namna hiyo: mlio usiotaja jina la stesheni, usiosema neno lolote, na usiokaa mahali pamoja katika redio.

Mlio huo ulianza kusikika duniani mnamo Julai 1976. Ulikuwa mfululizo wa mapigo makali, kumi kwa kila sekunde, kama mtu agongaye ubao bila ya kuchoka. Ulitokea mahali popote kati ya megahezi 7 na megahezi 19, ukakaa kwa muda, kisha ukahamia kwingine. Ulipopita uliyafunika matangazo ya redio, mazungumzo ya marubani na vituo vya ardhini, na mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni za kurusha mawimbi kwa kujifurahisha. Serikali kadhaa zilipeleka malalamiko kwa Umoja wa Kisovieti, lakini hazikupewa maelezo ya wazi. Leo yajulikana kwamba ulitoka katika rada kubwa iliyoitwa Duga, neno ambalo kwa Kirusi maana yake ni upinde au tao. Mitambo ya kurushia mawimbi ilikuwa Lyubech, na mitambo ya kuyapokea ilikuwa kilomita 60 hivi kutoka hapo, karibu na Chernobyl, ambako nguzo zake za chuma zilifikia kimo cha kiasi cha mita 150. Rada nyingine ya aina hiyo ilikuwa upande wa mashariki ya mbali, karibu na Komsomolsk. Kazi yake ilikuwa kuona makombora yakiinuka kutoka nchi zilizo mbali mno, ng'ambo ya upeo wa macho. Mnamo mwisho wa mwaka 1989 mlio ulinyamaza.

Wasikilizaji wa nchi za Magharibi waliupa jina la ndege yule atoboaye miti kwa mdomo. Sisi tunaye ndege huyo, naye kwa Kiswahili ni kigogota, na wengine humwita kigong'ota. Yafaa tukumbuke kwamba jina hili limejengwa kutokana na kitenzi gogota, yaani kugonga kwa kurudiarudia, hivyo mlio wenyewe umo ndani ya neno. Katika lugha nyingine jina la utani lilihitaji maelezo. Kwetu linajieleza lenyewe. Basi humu tutamwita Kigogota, tukijua kwamba hilo ni jina tu, wala si istilahi.

Tuchukue sasa msikilizaji mmoja aliyekaa Lisekese, mjini Masasi, katika mkoa wa Mtwara. Hatukuchagua mahali hapo kwa kubahatisha. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Mji umezungukwa na vilima vya mawe matupu vinavyoinuka ghafla kutoka tambarare, na upande wa mashariki ardhi hupanda kuelekea Newala na uwanda wa juu wa Makonde. Matangazo ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na hukwama nyuma ya vilima. Mawimbi ya kati hufika usiku yakiwa yamechanganyika na ngurumo za mvua. Ni kwa sababu ya ngurumo hizo mikataba ya kimataifa ilizitengea nchi za joto nafasi maalumu katika mawimbi mafupi, na mojawapo ni ile iliyo kati ya kilohezi 4750 na 5060. Humo ndimo Radio Tanzania Dar es Salaam ilimojulikana kwa miaka mingi, katika kilohezi 5050. Sauti ya Zanzibar nayo ilisikika katika kilohezi 11735. Mawimbi haya hupanda angani, hugota kwenye tabaka la hewa lenye chembe za umeme lililo kati ya kilomita 100 na 400 juu yetu, kisha hurudi chini. Kwa hiyo kilima hakiyazuii, maana huja kutoka juu.

Tena watu wa Masasi na Newala walikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza kwa makini. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 katika Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Kambi kuu ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea, jirani na Masasi, na Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru nafasi ya kuzungumza na watu wao. Mtu aliyezoea redio katika hali kama hiyo hawezi kuudharau mlio mgeni. Lazima ajiulize kama ni chombo chake kibovu, au ni mvua, au ni adui anayevuruga matangazo. Kigogota alipotokea mwaka 1976 Msumbiji ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake, tarehe 25 Juni 1975, lakini swali lilikuwa lilelile, na halijibiki bila ya maneno yaliyo wazi.

Sasa tuseme kwamba msikilizaji wetu ana mwenzake Maskati, Mswahili kama yeye, na wamekubaliana kuufuatilia mlio pamoja. Yule wa Maskati anaandika: "Leo saa tatu usiku masafa yamepanda." Wa Lisekese anausukuma mshale wa redio yake kuelekea tarakimu kubwa, wala hasikii kitu. Shida iko wapi? Redio ya Maskati imeandikwa kwa megahezi, na mlio umetoka megahezi 9.5 ukaenda 11.7. Redio ya Lisekese ni ya zamani, imeandikwa kwa mita, na kwa kipimo hicho mlio umetoka mita 31 ukaenda mita 25. Kwa mmoja umepanda. Kwa mwingine umeshuka. Wote wawili wanasema masafa, na wote wawili wana haki, maana neno limebeba vitu viwili ambavyo kimoja kikizidi kingine hupungua.

Asili ya mkanganyiko huu haifichiki. Masafa ni neno la Kiarabu, na maana yake ni umbali. Tunasema mbio za masafa marefu, na kila mtu anaelewa kwamba mkimbiaji atakwenda mbali. Tunasema makombora ya masafa marefu, na maana ni ileile. Yaelekea neno lilipoingia katika redio lilichukuliwa kwa maana ya umbali kati ya kilele cha wimbi moja na kilele cha wimbi linalofuata, yaani urefu wa wimbi. Hapo lilikuwa sawa. Masafa mafupi yalikuwa mawimbi ambayo urefu wake hauzidi mita 100 hivi. Tatizo la kwanza ni kwamba mgeni akisikia "redio ya masafa mafupi" hudhani ni redio isiyofika mbali, kumbe ndiyo pekee inayovuka bahari. Kombora la masafa mafupi huangukia kwa jirani. Tangazo la masafa mafupi husikika bara jingine. Lugha inaweza kuvumilia kinyume cha namna hii, nasi tumekivumilia muda mrefu.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Baadaye neno lilianza kutumika kwa idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja, ile inayopimwa kwa hezi. Matumizi haya yamekwisha kuota mizizi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huzungumzia ugawaji na usimamizi wa masafa kwa maana hiyo, na kila stesheni ya FM huyatangaza masafa yake kwa megahezi. Matokeo yake ni kwamba masafa mafupi na masafa ya juu ni kitu kimoja! Sehemu iliyo kati ya megahezi 3 na 30 ina mawimbi ya mita 100 hadi 10. Ukiitazama kwa urefu, ni fupi. Ukiitazama kwa mitikisiko, iko juu. Mwanafunzi anayekutana na maneno haya mawili katika ukurasa mmoja atadhani anasoma habari za vitu viwili tofauti.

Wapo wanaopendekeza kuliacha neno masafa na kutumia frikwensi, au marudio. Hatuoni faida yake. Frikwensi linatamkika, lakini halimsaidii asiyejua. Marudio yamekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa takwimu, na katika redio marudio ni kipindi kinachorushwa mara ya pili. Kulinyang'anya taifa zima neno ambalo sheria na watangazaji wanalitumia ni kazi isiyowezekana, na hata ingewezekana isingefaa. Tunaona ni afadhali masafa yabaki na maana moja tu, ile ya hezi. Kile kinachopimwa kwa mita kiitwe urefu wa wimbi, bila ya kufupishwa. Na sehemu yenyewe ya redio iitwe mawimbi mafupi badala ya masafa mafupi. Mawimbi mafupi si neno geni. Limekuwapo siku zote pembeni mwa jingine, nasi tunaomba tu lisogezwe mbele. Hapo yule wa Maskati atakaposema masafa yamepanda, hapatakuwa na njia mbili za kumwelewa, na mwenye redio ya mita atagawa 300 kwa megahezi alizotajiwa, apate mita zake.

Kwa nini Kigogota alikuwa akihama? Tabaka lile la angani hubadilika kwa saa, kwa majira ya mwaka, na kwa mzunguko wa madoa ya jua ambao huchukua miaka 11 hivi. Masafa yanayorudishwa vizuri adhuhuri huweza kupenya na kupotelea angani usiku wa manane. Rada inayotaka kuona ng'ambo ya upeo haina budi kuyafuata mabadiliko hayo, kama vile stesheni za kimataifa zilivyokuwa zikibadili masafa yao kila msimu. Kwa hiyo kuhama kwake hakukuwa hila ya kujificha, ingawa wengi walidhani hivyo.

Lakini si kila kinachohama redioni ni Kigogota, na hapa ndipo msamiati wetu unapodai kupanuliwa. Kitenzi kuhama peke yake hakitoshi, maana yapo mambo yasiyopungua manne yanayofanana masikioni.

La kwanza liko ndani ya chombo chenyewe. Redio ya vali inapopata moto, au redio ya kawaida betri zake zinapoishiwa nguvu, stesheni huponyoka polepole ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Hili tungeliita kuponyoka. Jaribio lake ni rahisi: tafuta stesheni unayoijua iliyo jirani na mlio huo. Ikiwa nayo imeponyoka kwa kiasi kilekile, mwenye kosa ni redio yako. Kuna na kile ambacho mafundi wangeweza kukiita kivuli, yaani stesheni moja kutokea mahali pawili. Redio nyingi za kawaida huyageuza mawimbi yaliyopokewa yawe ya kilohezi 455 kabla ya kuyatoa sauti, na kwa sababu hiyo stesheni yenye nguvu huweza kusikika pia kilohezi 910 chini ya mahali pake halisi. Stesheni iliyo katika 11735 ingetoa kivuli katika 10825. Watu wengi wamekisaka kivuli usiku kucha wakidhani ni kituo cha siri.

La pili ni mwendo. Mnamo tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha setilaiti ya kwanza, Sputnik, ambayo ilitoa mlio katika megahezi 20.005, ndani kabisa ya mawimbi mafupi, hata mtu binafsi mwenye redio nzuri aliweza kuusikia. Ilipokaribia, masafa yake yalipokewa yakiwa juu kidogo. Ilipopita na kwenda zake, yalishuka. Tofauti ilikuwa kiasi cha hezi 500 tu kila upande, lakini wanasayansi wawili wa Marekani waliweza kuikokotoa njia ya setilaiti kutokana na mteremko huo peke yake. Hapa mtambo haubadili kitu. Ni mwendo unaobadili kinachopokewa. Pwani yetu yenyewe ina sehemu katika habari za setilaiti: kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Tungependa mabadiliko haya ya masafa yaitwe mteremko wa mwendo, ili yasichanganywe na kuponyoka.

La tatu ni kufagia. Ipo mitambo inayochunguza tabaka la angani kwa kuanza chini, megahezi 2 hivi, na kupanda mfululizo hadi 30. Anayesikiliza mahali pamoja husikia mlio mfupi kama wa ndege mdogo, mara moja, kisha kimya. Haukukaa kwake, ulipita tu. La nne ndilo la Kigogota: kukaa mahali, kisha kuondoka na kutua pengine bila ya kupita katikati. Huku ni kuruka. Kati ya kufagia na kuruka tofauti ni kubwa kwa mfuatiliaji, kwa kuwa anayefagia humkuta njiani, na anayeruka humlazimu kumtafuta upya.

Kuhusu mapigo yenyewe, tunapenda kuonyesha jinsi neno sahihi linavyoweza kumpa mtu hesabu. Ukisema tu "mlio wa kugogota" umeeleza ulivyosikia. Ukisema "mapigo kumi kwa sekunde" umetoa kipimo. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, basi kati ya pigo moja na linalofuata huenda kilomita 30,000. Rada husubiri mwangwi wake urudi kabla ya kupiga tena; kwa hiyo mwangwi una nafasi ya kwenda kilomita 15,000 na kurudi kiasi hichohicho. Mtambo unaosubiri kwa muda huo hautafuti ndege iliyo juu ya mji. Unatazama bara jingine. Haya msikilizaji wa Lisekese angeyajua kwa saa ya mkononi, kalamu na karatasi, kama ana sikio la kuhesabu au chombo cha kunasia sauti ili aisikilize polepole.

Mwelekeo nao unatafutika. Waya uliozungushwa mithili ya fremu ya dirisha na kuunganishwa na redio hupokea vizuri ukiwa ubavu wake umeelekea mtambo, na sauti hufifia sana uso wake unapouelekea. Mawimbi yanayotoka angani huuvuruga ufifiaji huu, hivyo inabidi kupima mara nyingi, siku nyingi. Kutoka Lisekese, mstari wa kwenda Lyubech ni karibu kaskazini kabisa, umeegemea magharibi kidogo tu, na una urefu wa karibu kilomita 7000. Lakini fremu haisemi kama mtambo uko mbele au nyuma, na mstari huohuo ukirefushwa kwa nyuma hushuka Msumbiji hadi baharini. Hebu msomaji afikirie uzito wa jambo hilo katika miaka ile! Hapo ndipo mwenzake wa Maskati anapohitajika. Mstari wake unaelekea kati ya kaskazini na kaskazini-magharibi, na mistari hiyo miwili hukutana mahali pamoja tu upande wa kaskazini, katika nchi ya Ukraine. Wasikilizaji wa nchi mbalimbali walimpata Kigogota kwa njia hii, kwa kupelekeana vipimo, na kila kipimo kilikuwa sentensi mtu aliyomwandikia mwenziwe.

Tungali na neno moja linalotusumbua. Vitabu vyetu huita ishara kila kinachopokewa na redio. Lakini ishara, katika Kiswahili cha watu, huwa na anayeitoa na anayekusudiwa kuielewa: ukope, kidole, bendera. Pigo la rada halimwambii mtu kitu. Limetumwa likagonge, lirudi kwa aliyelituma. Tunaona vyema ishara ibaki kwa mawimbi yanayobeba ujumbe, kama vile sauti ya binadamu au nukta na mistari ya simu ya upepo, na yasiyobeba ujumbe yaitwe mapigo au mawimbi tu. Huenda wataalamu wa umeme wakasema hatua hii imepita kiasi, nasi tuko tayari kuwasikiliza.

Wala mambo haya hayakwisha pamoja na Duga. Stesheni nyingi zimeyahama mawimbi mafupi, lakini rada za kuona ng'ambo ya upeo zimebaki humo. Zipo za Urusi, ambako mojawapo iliyoanza kazi rasmi mwaka 2019 inaitwa Container, zipo za China, na ipo ya Uingereza katika kisiwa cha Cyprus. Hazigogoti tena kama zamani. Milio yao hukaribia mvumo wa nyuki, na huruka haraka zaidi. Vyama vya wenye leseni binafsi za redio huendelea kuzifuatilia na kuandika masafa yao kila siku.

Mahali pale ambapo fremu ya waya huelekezwa na sauti ikafifia kabisa, mahali ambapo mfuatiliaji hupajua kwa ukimya wake, hatujapata jina lake. Kufifia ni tendo, nasi tunatafuta neno la mahali. Wengine wamependekeza ziwi, kutokana na kiziwi. Wengine upofu wa waya. Mafundi wa redio na walimu wa sayansi walio na neno linalotumika kazini mwao tunawaomba walilete, pamoja na maelezo ya jinsi linavyotumika.